Jinsi Motokaa Ilivyofundishwa Kusimama

Mtu atakaye kununua motokaa huuliza kwanza yaenda mbio kiasi gani. Ni nadra kumsikia akiuliza husimamaje. Na sisi tufundishao historia tuna kosa hilo hilo: tumewasifu waliobuni injini hata majina yao yakajulikana na kila mwanafunzi, bali waliobuni breki tumewaacha nje mlangoni. Nami nisingaliwakumbuka kama si mjomba wangu, ambaye alinunua motokaa ya fahari ya milango minne, iliyokwisha kutumiwa na wengine miaka mingi. Viti vyake ni vya ngozi na injini yake haisikiki; lakini kila alipokanyaga breki ililia kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Tukaipeleka kwa fundi. Nilipokuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikimtazama akifungua magurudumu, niliona kwamba kila kipande alichokishika kina hadithi yake, na mojawapo ya hadithi hizo ni ya huzuni. Ndizo nitakazokusimulia, ewe msomaji.

Kwanza yakupasa kujua breki hufanya kazi gani. Nguvu iliyomo katika motokaa iendayo haiwezi kupotea hivi hivi. Breki huigeuza kuwa joto. Motokaa yenye uzito wa kilo 1,800, ikienda kilomita 100 kwa saa, ikisimamishwa mara moja hutoa joto la kutosha kuchemsha lita mbili za maji baridi mpaka yatokote. Mwendo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Basi tangu mwanzo swali la breki limekuwa moja tu: ni kitu gani kiwezacho kusuguana na chuma, kikavumilia joto hilo, wala kisiungue, kisiyeyuke, kisiishe upesi?

Wa kwanza kulijibu njiani alikuwa mwanamke. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1888, Bertha Benz, mke wa yule Mjerumani Karl Benz, aliwachukua wanawe wawili, Richard na Eugen, akaondoka Mannheim kwa motokaa ya magurudumu matatu aliyoiunda mumewe, akaenda Pforzheim kumwona mamaye. Mwendo huo ni wa kilomita mia moja na zaidi, na mpaka siku hiyo hapana mtu aliyekwisha kwenda mbali hivyo kwa motokaa. Breki zake zilikuwa magogo madogo ya mti yaliyokandamiza magurudumu. Katika miteremko magogo yakaanza kulika. Bi Bertha hakurudi nyuma. Alimtafuta fundi wa viatu, akamwambia apigilie ngozi juu ya mti. Hiyo ngozi ya viatu ndiyo babu wa pedi zote za breki zilizopo leo.

Mwaka wa 1902, Mwingereza Frederick Lanchester wa mji wa Birmingham alipata hataza ya breki ya namna nyingine. Alifunga diski nyembamba ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, akaibana pande zote mbili kama mtu abanavyo sahani kwa vidole. Wazo lilikuwa sawa kabisa, nalo ndilo tulitumialo hata sasa. Lakini vibanio vyake alivivika shaba, na shaba ikisuguana na chuma ililia kelele za kutisha, tena ililika upesi katika vumbi la barabara za siku zile. Lanchester alikuwa na umbo lililo sawa, ila hakuwa na kitu cha kulivika. Watu wakaiacha diski yake, wakashika breki za ngoma, ambazo ndani yake viatu viwili vya chuma hutanuka na kusugua ukuta wa ngoma.

Kitu kilichokosekana alikitafuta Herbert Frood, Mwingereza wa jimbo la Derbyshire, aliyeanza kazi hiyo mwaka wa 1897. Jina la kampuni yake, Ferodo, lina herufi za jina lake mwenyewe pamoja na E, herufi ya kwanza ya jina la mkewe Elizabeth. Vitambaa vyake vya kwanza vya breki vilikuwa vya pamba, na pamba, kama ujuavyo, huungua. Kisha ikatumika asbesto. Hili ni jiwe la ajabu: likipondwa hutoa nyuzi laini ziwezazo kusokotwa kama uzi, nazo haziungui motoni. Wenye viwanda waliona wamepata walichokuwa wakikitafuta. Karibu karne nzima, breki nyingi za motokaa na malori duniani zilivikwa asbesto, na watu wasiohesabika wakasimama salama kwa sababu yake.

Lakini hao walioisokota je? Katika mji wa Rochdale, kaskazini ya Uingereza, palikuwa na mwanamke aitwaye Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda, aliyesokota nyuzi za asbesto. Kifua kikamwuma, pumzi ikampungukia, akaacha kazi, na mwaka wa 1924 akafa, umri wake miaka 33. Daktari William Cooke alipoyapima mapafu yake alikuta vipande vya asbesto vimenasa ndani, akayaandika hayo katika gazeti la waganga. Jamaa zake hawakupewa fidia. Serikali ya Uingereza ilifanya uchunguzi, ikatoa taarifa mwaka wa 1930, na mwaka wa 1931 sheria ikawekwa ya kupunguza vumbi viwandani. Kupunguza tu! Uingereza haikuikataza asbesto kabisa ila mwaka wa 1999, miaka 75 baada ya kifo cha Nellie Kershaw, na Marekani ikaikataza ile nyeupe, iliyokuwa ingali ikitumika katika breki, mwaka wa 2024. Nimeifikiria sana miaka hiyo. Waliojua walikuwapo, nao waliandika. Ila kitu chenye faida hupata wateteaji wengi.

Turudi kwenye diski. Breki za ngoma zilikuwa na aibu yake: joto hufungiwa ndani, ngoma hutanuka na kujitenga na viatu, na dereva ashukaye mteremko mrefu hukanyaga akaona mguu unazama bila kitu. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Dunlop iliifufua diski, wakati huu kukiwa na vitambaa vivumiliavyo moto, na kampuni ya Jaguar ikaijaribu mashindanoni. Mwaka wa 1953, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa Jaguar yenye diski, kwa wastani wa kilomita 170 hivi kwa saa. Wapinzani wao walilazimika kupunguza mwendo mapema kabla ya kila kona, wakihofia ngoma zao. Jaguar zilingoja mpaka karibu sana, na breki za saa ya mwisho zikawa bado zina nguvu. Miaka miwili baadaye Wafaransa walitoa Citroën DS yenye diski mbele, na mwaka wa 1959 Jaguar wenyewe wakatoa Mark 2, motokaa ya fahari ya milango minne, yenye diski katika magurudumu yote manne. Motokaa ya mjomba ni mjukuu wa hizo.

Sasa fundi alikuwa amezitoa pedi kuukuu. Pedi mpya huwa na unene wa milimita kumi na kidogo. Hizi zilibaki na mbili, na yafaa zibadilishwe zifikapo tatu. Akaipima diski kwa kipimo chake. Pembeni mwa kila diski, ukisugua kutu, utaona imechapwa nambari ya unene ambao haifai kupunguka chini yake. Ya mjomba ilikuwa imekwisha kuupita, na ukingo wake ulisimama kama ukingo wa sinia. Diski nyembamba haiwezi kubeba joto, hupinda au kupasuka, basi kuiwekea pedi mpya ni kushona kiraka kipya juu ya nguo iliyooza. Tena hubadilishwa mbili mbili, ya kulia na ya kushoto, la sivyo motokaa huvutwa upande mmoja.

Dukani tuliulizwa twataka pedi gani. Ziko zilizofanywa kwa nyuzi na utomvu, kimya lakini laini. Ziko zenye unga wa chuma, zivumiliazo joto kali ila hupiga kelele, huchafua magurudumu na huila diski. Na ziko ziitwazo za seramiki, kimya, zenye vumbi dogo, ambazo wenye motokaa za fahari huzipenda. Mjomba alitaka za bei ya chini. Nilimpinga, ingawa ni mkubwa wangu. Huko Ulaya kanuni nambari 90 ya Umoja wa Mataifa hutaka pedi za badala zisitofautiane na zile za awali kwa zaidi ya sehemu 15 katika mia, na alama yake huchapwa juu ya pedi. Nami nilisema tusinunue ile isiyo na alama. Alinung'unika, akalipa.

Fundi alikuwa kijana hodari. Aliinua kalipa, yaani kile kibanio, akaitundika kwa waya ili isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Akakisugua kitovu cha gurudumu kwa brashi ya waya, maana kutu kidogo tu huipindisha diski mpya. Akaifuta diski mafuta ya kiwandani. Kisha akaushika mpira wa upepo apulize vumbi jeusi lililojaa ndani. Hapo niliinuka kwenye ndoo nikamshika mkono, nikamweleza habari za Nellie Kershaw. Alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, hizi hazina asbesto." Nikamwuliza, "Na zile zilizotolewa, nani aliyezitia, na lini?" Hakujua, wala mjomba hakujua. Akaenda akalowesha kitambaa.

Mwisho alikanyaga breki mara nyingi gari likiwa limesimama, hata mguu ukapata kitu kigumu. Asahauye hilo huenda akagonga ukuta wa gereji. Tukatoka na mjomba mpaka barabara isiyo na magari. Aliendesha kilomita 60 kwa saa, akapunguza hadi 10 bila kusimama, akarudia hivyo mara kumi, ili pedi na diski zizoeane. Mara ya nne harufu kali ikaingia ndani, akanitazama kwa wasiwasi. Nikamwambia ni utomvu wa pedi mpya uunguao, aendelee. Akaendelea, na mara ya kumi ilipokwisha akaiacha motokaa ipoe, kisha tukarudi nyumbani, wala hatukuusikia tena ule mlio wa mbuzi.