Gugu Lililosafiri kwa Barabara

Mimea mingi ya madhara huanza mashambani, kisha ikatokeza njiani; bali gugu karoti limefuata mwendo wa kinyume, kwani tangu lilipotoka kwao, katika nchi zinazoizunguka Ghuba ya Mexico, aghalabu limesafiri na bidhaa na vyombo vya watu, likatua ukingoni mwa barabara, na hapo likangoja wasaa wa kuingia malishoni. India ililitambua huko Pune mwaka 1955, na dhana yenye nguvu ni kwamba lilifuatana na ngano ya Marekani. Australia yasemekana lilifika pamoja na vipuri vya ndege zama za Vita Kuu ya Pili. Na Ethiopia, kwa kauli ya wengi, liliingia na nafaka ya msaada, yaani sadaka na shari zilisafiri katika gunia moja.

Arusha lilibainika mwaka 2010. Maua yake ni meupe, madogo madogo, wala hayamtishi mpita njia. Lakini mche mmoja waweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000, nazo ni ndogo hata hujificha katika tope lililogandamana gurudumuni, zikaja kudondoka mbali kabisa na zilikotoka. Anayelishika mara kwa mara kwa mikono mitupu huambulia upele na mwasho, na ng'ombe aliyelila maziwa yake huwa machungu.

Hapa ndipo nionapo taksiri yetu ya zamani. Tangu enzi za ukoloni usafi wa kando ya barabara umekuwa kazi ya kibarua mwenye fyekeo, na ada hiyo ilizifaa sana nyasi, ambazo hazitaki ila kufupishwa. Ilhali gugu hili likifyekwa huchipua tena chini kabisa, likachanua lingali fupi, na likifyekwa limekwisha komaa, fyekeo lenyewe ndilo linalozitawanya mbegu. Dawa yake ni kung'olewa na mzizi kabla ya kuchanua, kwa mikono iliyovaa glavu. Watu wa Queensland, huko Australia, waliofikwa na balaa hili mapema, walijenga vituo vya kuoshea magari na mashine za kuvunia zitokazo palipo na gugu. Na mimi nasema bila kusita kwamba gharama ya kuliosha greda yastahili kuandikwa katika mkataba wa barabara pamoja na kokoto na lami.

India, mwaka 1984, iliachilia mbawakawa mdogo wa kutoka Mexico, alaye majani ya gugu hili, na baadaye nchi nyingine zikamwazima. Ni mdudu mwenye bidii msimu wa mvua; kiangazi kikiingia huzama udongoni akalala, ikabaki kazi ya watu.