Chambo gani kinafaa Mtera wakati wa kipupwe? (pamoja na stori za kando ya maji)

Sisi wa Mpwapwa tunaijua hii hali, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi hutoki bila koti, halafu upepo unakuja na vumbi lake juu. Mwezi wa saba mkoa wa Dodoma alfajiri joto linashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi. Najua mdau wa Njombe atacheka aseme hiyo nayo ni baridi? Kwa samaki ni baridi, na leo tunaongelea samaki.

Watu wamekuwa wakiniuliza kuhusu vile vyambo vya plastiki vya kung'aa vinavyouzwa madukani, kama vinavua kweli. Nimeamua kuandika kila ninachokijua sehemu moja ili mtu asome, achapishe kama ana hela ya kuchapisha, aende zake. Mimi somo hili nililipia, na hela niliyolipia haikuwa ya kuchezea. Nitawaambia mbele.

KWANZA, MTERA NI WAPI

Wengi wakisikia Mpwapwa wanawaza ng'ombe, na ni kweli kuna aina ya ng'ombe inaitwa Mpwapwa, ilizalishwa hapa hapa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Wachache wanajua kwamba wilaya yetu ina kata ya Mtera, na huko kuna bwawa kubwa kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani na Iringa. Ukitoka Dodoma kwenda Iringa ukifika karibu nusu ya njia gari linapita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe.

Bwawa lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1970. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutunza maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu huko chini (megawati 204). Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Bwawa likijaa maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka mita 690 mitambo inatakiwa kusimama. Wanaokumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006, wakati ukame ulipoyakausha mabwawa, wanajua maana yake. Unaandika barua pepe kafe, hujabonyeza "tuma", giza! Na hela ya nusu saa hairudi.

Kwa mvuvi namba hizo zina maana nyingine. Maji yakishuka ufukwe unahama, na sehemu uliyovua mwezi wa nne, mwezi wa nane unakuta ng'ombe wanakula majani. Halafu chini ya maji kuna visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojaa. Visiki hivyo vinakula ndoano kuliko samaki.

AINA ZA CHAMBO

Nagawa makundi mawili.

1. Chambo cha kuliwa. Hapa kuna minyoo, panzi, dagaa, matumbo ya kuku, na donge la ugali. Samaki anakipata kwa harufu na ladha.

2. Chambo bandia. Hiki hakiliwi, kinadanganya macho. Kuna cha umbo la samaki mdogo, kuna cha bati linalong'aa, kuna cha manyoya, kuna cha mpira laini kama mnyoo. Ukikitupa na kukiacha kimelala hakina maana, lazima ukivute kitikisike kama samaki mdogo aliyeumia.

Hivi vya bandia vina historia nzuri. Marekani, mtu mmoja wa jimbo la Vermont anaitwa Julio Buel alipata hataza mwaka 1852 kwa chambo cha umbo la kijiko. Inasimuliwa kwamba kijiko chake cha chakula kilidondoka ziwani akaona samaki anakikimbilia. Finland, mvuvi maskini anaitwa Lauri Rapala mwaka 1936 alichonga samaki wa gome la mti aina ya koki kwa kisu cha fundi viatu, akamfunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akampaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasiingie. Leo jina lake linauzwa dunia nzima. Na huko kwao kwenye baridi haswa ziwa linaganda, wanatoboa shimo kwenye barafu, wanakaa juu yake na kuvua kwa mshipi mfupi. Sisi tunalalamika nyuzi 13, teh teh.

KOSA LANGU

Sasa sikilizeni. Nilimaliza form four, matokeo yakatoka, sikufanya vizuri. Sikumwambia mama. Nilimwambia matokeo yangu yana tatizo yanashughulikiwa. Nikaanza kukusanya hela kimya kimya ya ada ya kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafikisha elfu thelathini. Nikaona kwa mwendo ule nitachelewa. Nikawaza, mjomba wangu ana mtumbwi Mtera, nikanunue vyambo vya kisasa, nivue, niuze, hela ikamilike. Nikanunua vitatu vya plastiki kwa elfu kumi na nane. Vilikuwa vinang'aa kama simu mpya.

Siku ya kwanza kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa saba sikupata kitu. Kimoja kikabaki kwenye kisiki. Siku ya pili kingine kikabaki. Pembeni yangu kulikuwa na babu mmoja wa kutoka upande wa Iringa, ana ufito na donge la ugali, anatoa perege mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia shikamoo babu, wewe unatumia nini? Akaitikia marahaba, akaangalia chambo changu, akaniuliza, "Mjukuu, hicho anakula nani?"

Swali lenyewe ndiyo hilo wadau. Anakula nani?

NANI ANAKULA NINI

Perege chakula chake kikubwa ni mimea midogo ya majini, ukoga na vidudu. Hana kawaida ya kukimbiza samaki mwenzake. Ukimpitishia samaki wa plastiki mbele yake anakuangalia tu.

Kambale anakula karibu kila kitu, lakini macho yake hayamsaidii sana. Anatafuta kwa zile sharubu, ambazo zinaonja ladha kwenye maji, tena anapenda kutafuta usiku au maji yakiwa ya tope. Plastiki haina ladha wala harufu. Huyu anataka kitu kinachonuka. Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, wanamvua vundu, kambale mkubwa kabisa, kwa kipande cha sabuni! Siyo utani.

Chambo bandia ni cha samaki mwindaji anayetumia macho. Kwa nchi yetu mfano mzuri ni sangara wa Ziwa Victoria. Mwingine ni yule samaki wa meno marefu wa jamii ya Hydrocynus, ambaye watalii wanamfuata mito ya Mnyera na Ruhudji huko bonde la Kilombero, wakivua kwa vyambo vya manyoya na kumrudisha majini. Baharini wavuvi wanaorambaza, yaani wanaokokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, wanatumia vyambo vya kung'aa kwa jodari na nguru. Kwa hiyo vyambo vyangu havikuwa vibovu. Mimi ndiye nilivipeleka kwa samaki asiyehusika.

WAKATI WA BARIDI UFANYEJE

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi, mwili wake unafuata joto la maji. Maji yakipoa tumbo lake linafanya kazi polepole, anakula kidogo, hakimbii mbali. Perege anapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30, na yakishuka kwenye 20 hivi hata kuzaa anaacha. Kutokana na hapo:

- Usiwahi sana. Alfajiri maji ya pembeni yamepoa. Anza kama saa nne, jua likishapasha maji ya kina kifupi, endelea mpaka saa tisa au kumi.
- Tafuta pembe iliyojificha upepo. Upepo ukipiga bwawa linatoa mawimbi na mtumbwi mdogo ni hatari.
- Punguza chambo. Donge la ugali liwe kama punje ya harage. Ndoano ndogo, namba 8 mpaka 10 kwa perege (namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo, wengi wanachanganya).
- Ugali uwe mgumu, ukandwe na unga kidogo wa dagaa ili unukie na usiyeyuke haraka.
- Kwa kambale tumia matumbo ya kuku au kipande cha samaki, weka chubwi ili chambo kilale chini, na subiri. Kumi na tano bila kuguswa siyo nyingi.
- Kama lazima utumie cha bandia, kivute polepole kuliko unavyodhani.

Ukitaka kujaribu kutengeneza, chukua kijiko cha bati kilichochakaa, kata mpini, toboa tundu kila ncha, laini kingo kwa tupa. Tundu moja funga mshipi, la pili ndoano. Kikivutwa kinayumba na kumeremeta. Gharama ni kama bure, kikibaki kwenye kisiki hulii.

USALAMA NA SHERIA

Mtera kuna mamba na viboko. Usisimame ndani ya maji, usioshe samaki mahali pamoja kila siku, na jua likizama ondoka ufukweni maana viboko wanatoka kwenda kula majani. Nimesema kambale anakula usiku, lakini kambale hana thamani ya mguu wako.

Sheria ya Uvuvi ni ya mwaka 2003. Uvuvi wa kuuza unataka leseni, na sumu na baruti ni marufuku kabisa. Kabla ya kushusha mshipi ongea na ofisa uvuvi au BMU ya pale ufukweni, watakwambia kama kuvua kumefungwa kwa muda. Samaki mchanga mrudishe.

STORI

Wavuvi wa mshipi wakati wa baridi wanaongea kuliko wanavyovua, kwa sababu samaki wenyewe hawali. Saa moja asubuhi tunaota moto, chai ya rangi kwenye sufuria, na hakuna anayeongelea samaki. Simba na Yanga ndiyo ya kwanza. Halafu mjomba, ambaye ni Mgogo, anataniana na yule babu Mhehe mpaka unadhani watapigana, kumbe ndiyo utani wao tangu mababu. Halafu bei ya mahindi, halafu nani kaoa.

Siku ya tatu zamu ikanifikia. Babu akaniuliza kijana wetu yeye anafanya nini. Mjomba akajibu haraka, "Anasubiri matokeo yake yashughulikiwe." Nikaangalia moto. Sijui ilikuwaje, nikasema ukweli wote, hata hela ya vyambo. Mjomba kimya. Babu akasema binti yake alirudia mtihani mara mbili, sasa ni mwalimu, "na vocha ananitumia yeye." Akaongeza, "Mwambie mama yako kabla hajaambiwa na mwingine." Kisha akauliza Yanga wanacheza lini. Basi, stori ikaendelea.

Akanipa donge la ugali. Siku ile nilipata perege saba, na wiki ile nikauza vya kutosha kurudisha ile elfu kumi na nane, ikabaki nauli.

Nyumbani nilimwambia mama. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, "Ada yenyewe ni shilingi ngapi?"

Nilirudia. Hesabu bado imenigomea, lakini Biolojia ilipanda, na ninahisi perege wana mchango wao. Kile chambo cha tatu bado ninacho, kimening'inia mlangoni. Kuna mdau wa Mwanza mwenye sangara? Naweza kukutumia kwa basi, nauli yako.

Wanaojua chambo kingine cha kambale wakati wa baridi andikeni hapo chini, msiwe wachoyo. Na wa Mtera mnaosoma hii, mbukwenyi!