Muuguzi Aliyetoa Hesabu

Wengi wetu tumepata kulala hospitalini, au kumlaza mzazi au mtoto wetu huko. Usiku, jamaa wakiisha kwenda nyumbani, maisha yetu hubaki mikononi mwa wauguzi. Leo na tuwaze juu ya wale wanaowaongoza wauguzi hao, na juu ya jaribu moja kubwa linalowapata, yaani kuficha kosa.

Tumesikia habari za Florence Nightingale, yule mama wa Kiingereza aliyezunguka wadi kwa wadi na taa usiku. Alizaliwa mwaka 1820, na mwaka 1837, akiwa na miaka 16, aliandika kwamba Mungu amemwita amtumikie. Novemba 1854, wakati wa vita vya Crimea, alifika Scutari, nchini Uturuki, pamoja na wanawake 38, ili kuwauguza askari wa Uingereza. Aliwakuta wamelala katika uchafu na uhitaji. Akatafuta mashuka, sabuni na chakula. Kule kwao watu wakamsifu, hata wakachanga zaidi ya pauni 40,000 kwa heshima yake.

Lakini iko sehemu ya habari hii isiyosimuliwa mara nyingi. Sifa zilipokuwa zikienea, vifo vilizidi. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa pale, 42 hivi walikufa, na wengi waliuawa na kuhara na homa kuliko majeraha ya vita. Chini ya jengo lile palikuwa na mifereji ya maji machafu iliyoziba. Mwezi wa Machi serikali ilituma wakaguzi wa afya. Wakazibua mifereji, wakaondoa mizoga, wakapaka kuta chokaa, wakaingiza hewa safi. Kufikia Juni, waliokufa walikuwa kama 2 tu katika kila 100.

Nightingale alirudi kwao mwaka 1856 akidhani kwamba askari walimalizwa hasa na chakula duni na uchovu. Ndipo yeye na William Farr, mtaalamu wa takwimu, wakapitia hesabu za waliokufa. Hesabu zikasema jambo jingine: uchafu wa hospitali yenyewe ndio uliowaua wengi. Nayo ni hospitali ile ile aliyosifiwa kwayo.

Angenyamaza, nani angemwuliza? Taifa zima lilimpenda. Lakini hakunyamaza. Mwaka 1858 alipiga chapa taarifa ndefu, akaonyesha kwa tarakimu kwamba vifo vilipungua baada ya usafi ule wa Machi. Hakujitwalia sifa ya waliozibua mifereji. Na zile fedha za heshima zilifungua shule ya wauguzi katika St Thomas' Hospital, London, mwaka 1860.

Ndugu zetu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hata leo muuguzi kijana aweza kukosea usiku, akampa mgonjwa dawa isiyo yake. Asubuhi anasimama mbele ya matroni akitetemeka. Matroni akimfokea na kumwaibisha mbele ya wenzake, kosa la pili halitaandikwa kitabuni, na mgonjwa wa pili hatakuwa na wa kumwokoa. Matroni akisema, "Umefanya vema kuniambia, twende kwa mgonjwa kwanza," wadi nzima itajifunza kusema kweli. Wala kazi hiyo si ya matroni peke yake. Sisi tulio katika kamati za hospitali na za kanisa, je, tunapenda kuletewa taarifa ya kweli, au ile ya kutupendeza?

Katika Luka 16 yuko wakili aliyetakiwa kutoa hesabu ya kazi yake, naye akageuza hati za wadeni. Sisi nasi tutaulizwa. Na tuanze leo kuandika hesabu zetu kama zilivyo, hata pale zinapotushtaki wenyewe.

Mungu awabariki wote wanaokesha usiku huu karibu na vitanda vya wagonjwa, na awape viongozi wao moyo wa kweli. Kwaherini.