Kodi ya Nyumba na Wazee Wetu

Watu wa Shinyanga walizoea tangu kale kumpa mtemi nafaka na kumlimia shamba lake. Lakini nyumba yenyewe kutozwa, hilo lilikuwa jambo geni. Wadachi walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutumika Aprili 1898. Nyumba ya shamba ilitakiwa rupia 3. Hapo mwanzo mazao na kazi viliweza kupokewa badala ya fedha, nayo amri yenyewe ilichukua miaka kuenea huku bara.

Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1922, waliendelea kuhesabu nyumba, na mwanamume asiye na nyumba akalipa kodi ya kichwa. Mwenye wake watatu katika nyumba tatu alilipia zote. Kijana aliweza kulima pamba, au kwenda kushika sururu Geita, mgodi ulipofunguliwa katika miaka ya 1930. Je, kikongwe angeshika nini? Paa lake lilihesabiwa sawa na la kijana, ingawa nguvu zimemtoka.

Kwa sababu hiyo wakongwe na wasiojiweza waliweza kusamehewa. Lakini cheti cha kuzaliwa hakikuwapo. Umri ulisomwa usoni, na msomaji wa kwanza alikuwa mwanangwa wa kijiji, jirani ajuaye ni nani alalaye bila mtoto wa kumtekea maji. Twaona palikuwa na wema hapo, na hatari pia, kwa kuwa jirani aweza kuwa na chuki.

Siku hizi msamaha umeandikwa wazi zaidi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea, na mlemavu asiye na kipato, husamehewa kodi ya majengo kwa nyumba moja aikaayo mwenyewe. Ila tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa katika ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, zikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Mita haina chuki, nasi twashukuru. Lakini wala haioni mvi. Mjane ambaye mita yake ingali kwa jina la marehemu mumewe aweza kukatwa mwezi hata mwezi bila kujua, mpaka mtu wa nyumbani amsindikize kwenye ofisi inayohusika, na kitambulisho chake mkononi, akaeleze kwamba yu hai, ni mzee, na nyumba ile ndiyo akaayo.