Usishushe injini kabla ya kujua oili inakovujia

WENYE magari ya Subaru Impreza WRX huzoea mambo mawili: mngurumo wa injini, na harufu ya oili inayoungua gari linaposimama kwenye foleni. Wengi huipuuza harufu hiyo hadi doa jeusi linapoonekana sakafuni. Hapo ndipo hukimbilia gereji na kuambiwa kwamba sili ya nyuma imeharibika, hivyo ni lazima injini ishushwe.

Mara nyingi ushauri huo huwa wa haraka mno. Oili inayovuja huanzia juu au mbele, ikatambaa kwenye chuma, ikasukumwa nyuma na upepo gari likiwa mbioni, na hatimaye kudondokea mahali pasipo na kasoro yoyote. Anayerekebisha pale inapodondokea hulipa mara mbili.

Impreza ilianza kuuzwa mwaka wa 1992. Sifa zake zilienea nchini Kenya Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1997, naye Richard Burns akashinda mwaka wa 2000, wote wakiendesha gari la aina hiyo. Nyingi za WRX zilizo nchini ziliingizwa zikiwa zimetumika Japani, na baadhi sasa zina zaidi ya miaka 20. Mpira wa gasketi na sili hukauka kwa umri na joto, hata kama gari halijatembea sana.

Umbo la injini yenyewe huchangia tatizo. Pistoni zake 4 zimelazwa ubavu, mbili kila upande. Kwa sababu hiyo vifuniko vya valvu haviko juu kama katika injini nyingine, bali viko pembeni, karibu na mabomba ya moshi yenye joto kali. Tone dogo likiangukia bomba hilo hutoa moshi na harufu, na uvujaji ukiwa mkubwa waweza kuwasha moto.

Hatari nyingine ni ya kimyakimya. Mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na oili ndiyo inayoulinda usisagike. Taa nyekundu ya oili huonya kwamba shinikizo limeshuka. Haionyeshi kwamba oili imeanza kupungua. Anayesubiri taa iwake huenda akawa tayari amechelewa. Kijiti cha kupimia ndicho cha kutegemewa, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa.

Kutafuta chanzo

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kinachodondoka ni oili ya injini. Kipande cha kadibodi kikitandazwa chini ya gari usiku kucha, asubuhi kitaonyesha rangi na mahali. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Ile ya usukani au ya giaboksi ya otomatiki aghalabu huwa nyekundu, na maji ya redieta huwa na rangi ya kijani au buluu. Maji safi kwa kawaida hutoka kwenye kiyoyozi na hayana madhara.

Pili, injini isafishwe ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi, huku alteneta na nyaya zikifunikwa. Ikishakauka, gari liendeshwe kilomita 15 au 20, kisha likaguliwe kwa tochi. Fundi atafute mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi palipolowa, kwa kuwa hapo ndipo karibu na chanzo. Unga laini wa poda ukinyunyizwa kwenye sehemu inayoshukiwa huonyesha mkondo wa oili waziwazi.

Ukaguzi uanze na vitu rahisi: chujio la oili, boliti ya kumwagia oili, na swichi ya shinikizo iliyo chini ya alteneta. Swichi hiyo ikivuja, oili huteremka hadi chini na kuwapotosha wengi. Hata chujio jipya huvuja iwapo mpira wa chujio la zamani ulibaki umenata kwenye injini.

Hufuata gasketi za vifuniko vya valvu. Oili ikipatikana ndani ya mashimo ya plagi, vipete vya mpira vilivyomo humo navyo vimechoka, na huenda injini ikaanza kukohoa. Mpira wa kurudisha oili kutoka kwenye turbo pia hukakamaa na kupasuka.

Oili ikionekana mbele, nyuma ya kifuniko cha mkanda wa taimingi, zinazoshukiwa ni sili za kamshafti na krankshafti, pamoja na pampu ya oili. Hili lisicheleweshwe, kwani oili huharibu mkanda huo, na mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni.

Oili ikitokea baina ya injini na giaboksi bado si hakika kwamba sili ya nyuma ndiyo yenye kosa. Karibu nayo pana kibamba cha kutenganisha oili na hewa. Katika injini nyingi za zamani kilikuwa cha plastiki, ambayo hupinda kwa joto. Baadaye kikatengenezwa kwa chuma. Kazi ikifika huko, vyote viwili vishughulikiwe kwa pamoja, na klachi ikaguliwe.

Kurekebisha

Kabla ya kufunga sili mpya, valvu ndogo inayotoa hewa chafu ndani ya injini ichunguzwe. Ikiziba, shinikizo hupanda na kuisukuma oili nje, hata kupitia sili iliyofungwa jana. Ikiwa valvu ni nzima na bado moshi mzito unafoka kwenye mdomo wa kutilia oili, pistoni zipimwe mgandamizo, kwa maana ringi huenda zimeisha.

Gasketi mpya huhitaji uso safi na mkavu. Aluminiamu ni laini, hivyo isikwanguliwe kwa bisibisi. Boliti za vifuniko zikazwe kidogokidogo kwa spana ya kupimia, kwa kiwango cha mtengenezaji; kuzikaza kupita kiasi hupinda kifuniko. Silikoni itiwe pale tu inapohitajika. Ikizidi, vipande vyake humeguka ndani na kuziba kichujio cha pampu, na injini ikakosa oili kabisa.

Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa mahali palipolowa kabla ya kukubali injini ishushwe. Fundi anayejua chanzo ataweza kukigusa kwa kidole. Kazi ikikamilika, oili ipimwe kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, na kadibodi irudishwe chini ya gari. Ikibaki kavu, kazi imefaulu.