Kompyuta nyembamba na mawe ya Masisi na Walikale: historia ya maagizo mawili

Tarehe 15 Januari 2008, katika ukumbi mmoja wa San Francisco, Marekani, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alishika bahasha ya kawaida ya ofisi, akaifungua mbele ya watu na kutoa ndani yake kompyuta nzima. Ilikuwa MacBook Air. Upande wake mnene zaidi haukufika sentimita 2, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 1.4. Watu walipiga makofi.

Siku hiyo hiyo, mjini Goma, mkutano juu ya amani, usalama na maendeleo ya Kivu mbili ulikuwa ukiendelea. Ulifunguliwa tarehe 6 Januari, na tarehe 23 makundi yenye silaha yalitia sahihi mkataba wa kusimamisha vita. Wilaya ya Masisi ilikuwa imekatwa vipande kati ya jeshi la serikali, CNDP ya Laurent Nkunda na makundi mengine. Familia nyingi zilikuwa zimeacha mashamba na ng'ombe na kulala chini ya mahema. Na kule Walikale, wabebaji walikuwa wakitoa mifuko ya kasiterite katika msitu wa Bisie, kama kila siku.

Wahami wengi wamesikia maneno haya: vita yetu ni vita ya simu na kompyuta. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaruka mambo mengi. Ili kuelewa namna mawe ya vilima vyetu yanavyokutana na kompyuta nyembamba ya Marekani, ni lazima kufuata historia ya maagizo mawili ambayo kampuni kubwa zilitoa. La kwanza lilihusu udogo wa chipu. La pili lilihusu mahali madini yanapotoka.

Agizo la kwanza: ipunguzeni

Prosesa ni kile kipande kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Apple haikuwa ikitengeneza prosesa za kompyuta zake wakati ule. Ilinunua kwa Intel, kampuni ya Marekani. Prosesa ya Intel iliyoitwa Core 2 Duo ilikuwa nzuri, lakini ganda lake lilikuwa pana mno kwa mashine waliyoitaka. Apple ikaiomba Intel ilipunguze.

Intel ilifanya hivyo. Kipande cha silikoni cha ndani kilibaki ni kile kile. Kilichobadilika ni ganda: kutoka mraba wa milimita 35 kila upande hadi mraba wa milimita 22. Eneo likapungua kwa asilimia 60. Mkuu wa Intel, Paul Otellini, alipanda jukwaani siku ile kuonyesha chipu hiyo iliyofanana na sarafu. Muda mfupi baadaye kampuni nyingine, kama Lenovo, zilitumia maganda madogo ya namna hiyo katika mashine zao nyembamba. Mwaka 2011 Intel yenyewe ilitenga dola milioni 300 kusaidia kampuni zinazotengeneza kompyuta nyembamba. Mwaka 2020 Apple ilianza kuweka katika kompyuta zake chipu iliyochora yenyewe, M1.

Somo la agizo hilo ni jepesi: mnunuzi mkubwa akitaka kitu kwa kweli, kiwanda hutafuta njia.

Mawe yanaingia wapi

Prosesa haikai peke yake. Chini ya ganda lake kuna mamia ya vitone vidogo vya kulehemu vinavyoishikisha kwenye ubao wa kompyuta na kupitisha umeme. Vitone hivyo ni etaini, yaani bati, na bati hutoka katika kasiterite. Zamani walichanganya bati na madini ya risasi. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza risasi katika vifaa vingi vya umeme kwa sababu ni sumu. Viwanda vikahamia kwenye mchanganyiko ambao zaidi ya asilimia 95 yake ni bati.

Kisha kuna tantali, inayotoka katika koltani. Ndani ya chipu, utando mwembamba sana wa tantali huzuia shaba ya nyaya isipenye katika silikoni. Nje ya chipu, tantali hutumika katika kapasita, vifaa vidogo vinavyoweka akiba ya umeme. Nyumba ambayo maji ya bomba hukatika huweka bidoni pembeni. Kapasita ni bidoni hilo. Prosesa ikihitaji umeme ghafla, inachota hapo. Tantali inaweza kuweka akiba kubwa mahali padogo, ndiyo maana inapendwa na watengenezaji wa mashine ndogo.

Kwa kompyuta moja, ni gramu chache tu. Lakini mashine zinauzwa kwa mamilioni, na gramu hizo lazima zitoke mahali fulani.

Bisie na Rubaya

Madini ya Kivu hayakuanza kuchimbwa na ujio wa kompyuta. Kasiterite ilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1976 kampuni za zamani ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, SOMINKI ilianza kudhoofika, na wachimbaji wa mikono wakachukua nafasi.

Vita pia ina mizizi yake mingine. Watu wa Masisi waliuana mwaka 1993 kwa ajili ya ardhi, madaraka na swali la nani ni mwenyeji, kabla dunia haijaanza kugombania koltani. Bei ya tantali ilipanda sana mwishoni mwa mwaka 2000, ikaanguka mwaka 2001. Madini hayakuwasha moto huo. Yaliutia kuni, na yalimpa kila mwenye bunduki sababu ya kutotoka kilimani.

Bisie, katika wilaya ya Walikale, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilitoa sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu Kaskazini. Mbebaji alikuwa akitembea msituni na mfuko wa karibu kilo 50 mgongoni hadi Njingala. Kutoka huko gari lilipeleka mizigo Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kuruka kuelekea Goma. Kwa miaka kadhaa wanajeshi wa brigedi ya 85 ndio walioshika machimbo hayo. Mchimbaji alitoza jasho, mwenye silaha alitoza kodi.

Mifuko ilipofika kwenye matanuru ya ng'ambo, mawe ya Bisie yaliyeyushwa pamoja na mawe ya nchi nyingine. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kutenganisha. Hivyo, mwaka 2008, hakuna mteja aliyeshika ile kompyuta ya bahasha ambaye angeweza kuambiwa kama bati yake ilipita Njingala au la. Ganda la chipu lilipimwa kwa milimita. Asili ya bati haikupimwa.

Agizo la pili: inatoka wapi?

Mashirika ya haki za binadamu yalipiga kelele, na tarehe 21 Julai 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya Dodd-Frank. Sehemu yake ya 1502 ilizitaka kampuni za Marekani kuchunguza na kutangaza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao zinatoka Congo au nchi jirani na kama zinalisha makundi yenye silaha. Huku Kivu iliitwa sheria ya Obama.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alitangaza kusimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Katazo lilidumu hadi Machi 2011. Hata baada ya kuondolewa, wanunuzi wengi hawakurudi, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwao kuacha kununua Kivu kuliko kuchunguza kila shimo. Ndege za Kilambo zilipungua, na pamoja nazo bidhaa zilizokuwa zikiletwa Walikale. Mchimbaji ambaye hakuwahi kumpa mtu silaha alikosa karo ya watoto kwa sababu ya sheria iliyoandikwa ili kumlinda.

Intel ilichukua njia nyingine. Watu wake walitembelea makumi ya matanuru duniani kuuliza mawe yanatoka wapi, maana tanuru ndilo mlango mwembamba ambao madini yote lazima yapitie. Januari 2014, huko Las Vegas, mkuu mpya wa Intel, Brian Krzanich, alitangaza kwamba prosesa zote ambazo kampuni ingetoa mwaka huo hazitakuwa na madini yanayolisha vita. Kati ya bahasha ya San Francisco na tangazo hilo ilipita miaka 6.

Mwaka huo huo wa 2014, mfumo wa kufunga etiketi kwenye mifuko ulianza Rubaya, katika wilaya ya Masisi. Kila mfuko ulipaswa kuwa na namba inayoonyesha ulikotoka. Hiyo ilikuwa hatua. Lakini etiketi ni kipande cha plastiki: inasema mfuko ulifungwa wapi, na ukweli wake unategemea mtu anayeifunga na usalama wa kilima anachosimama.

Pale etiketi inapokomea

Mwishoni mwa Aprili 2024, M23 iliteka Rubaya, mahali panapokadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba kundi hilo lilipata angalau dola 800,000 kila mwezi kutokana na kodi za koltani ya Rubaya, na kwamba madini hayo yalivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko.

Desemba 2024 serikali ya Congo ilishitaki matawi ya Apple huko Ufaransa na Ubelgiji. Apple ilikana mashitaka, ikasema imewaambia wanaoiuzia vifaa wasitumie tena madini ya Congo na Rwanda. Februari 2025 waendesha mashitaka wa Ufaransa waliliweka faili hilo kando kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Bisie nayo imebadilika. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Alphamin inachimba huko kwa mashine, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Tarehe 13 Machi 2025, M23 ilipokuwa inakaribia, kampuni ilisimamisha kazi na kuondoa wafanyakazi. Siku chache baadaye M23 iliingia Walikale-centre. Iliondoka mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 9 kampuni ikatangaza kurudi kazini. Bei ya bati duniani ilitikisika kwa wiki hizo chache. Masoko yalijua haraka kwamba Walikale imefungwa.

Mwezi mmoja kabla, Februari 2025, kambi zilizozunguka Goma zilikuwa zimevunjwa. Watu wa Masisi waliokuwa Bulengo na Lushagala walibeba mabati na maturubai na kuambiwa warudi kwao, wengine kwenye nyumba zisizokuwepo tena. Hakuna soko la dunia lililotikisika kwa hilo.

Historia hii ya miaka 17 haisemi kwamba mwenye kompyuta ndiye adui, wala kwamba madini yakifungwa amani itakuja. Mwaka 2010 yalifungwa, na amani haikuja. Inaonyesha kwamba neno "haiwezekani" lina mipaka. Ganda la chipu lilipunguzwa kwa sababu mnunuzi aliuliza na akangojea jibu. Matanuru yalifungua vitabu vyao kwa sababu mnunuzi aliuliza. Maswali hayo mawili yaliishia kwenye mfuko. Swali la tatu, lile la mtu aliyefukuzwa kilimani ambako mfuko ulifungwa, bado linangojea mnunuzi wa kuliuliza.