Mchoraji wa Miamba na Karatasi za Siagi

Msomaji, ulishawahi kununua karanga ukakuta zimefungwa kwa karatasi yenye mwandiko wa mtu? Mimi huwa nasoma kwanza, karanga baadaye. Naogopa siku moja nitakuta ni hadithi yangu.

Yalimkuta Hercules Segers. Bwana huyu alizaliwa Haarlem, Uholanzi, mnamo mwaka 1589 au 1590, akajifunza kuchora Amsterdam. Nchi yao ni tambarare kama meza, sehemu nyingine iko chini ya usawa wa bahari. Sasa yeye akachora nini? Miamba! Majabali yaliyopasuka, mabonde makavu, na humo vijitu vidogo kama sisimizi, vinajiendea tu. Hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba aliwahi kusafiri kwenda milimani.

Maisha yakambana. Mwaka 1631, akiwa na madeni, aliuza nyumba yake ya Amsterdam. Akahamia Utrecht, kisha The Hague, na kabla miaka ya 1630 haijaisha akawa marehemu. Mwaka 1678 Samuel van Hoogstraten, aliyekuwa mwanafunzi wa Rembrandt, aliandika kwamba watu hawakuzitaka kazi za Segers. Picha alizochapa kwenye karatasi zikafungiwa siagi na sabuni. Siagi, jamani!

Lakini Rembrandt aliona. Alipofilisika, mali zake zikaorodheshwa mwaka 1656, na humo zilikuwamo picha nane za Segers. Inaaminika mojawapo ndiyo ile ya milima iliyopo Uffizi, mjini Florence, ambayo Rembrandt mwenyewe aliigusagusa kwa brashi yake. Matokeo yake watu wakadhani ni ya Rembrandt, hadi mwaka 1871 Wilhelm Bode alipomrudishia Segers jina lake. Zaidi ya miaka mia mbili!

Rafiki zangu hunicheka: eti naandika riwaya ya mabaharia na hata mashua sijapanda. Zamani nilikuwa nanyamaza. Siku hizi nawatajia Segers. Wao wananijibu, "Lakini si alikuwa na madeni?" Kweli, alikuwa na madeni, sina ubishi. Ila milima ile ipo, na wale sisimizi wake bado wanatembea.

Basi ndugu yangu, ukinunua karanga, usiitupe karatasi kabla hujaisoma.